Bado Iliyopigwa Pasi

Ofisini walimwita Shangazi, ingawa mle ndani hakuwa shangazi wa mtu. Vijana walimbandika jina hilo kwa sababu umri wake ulitosha kuwakaripia, hakuwa na subira na maneno ya kuzungukazunguka, na akikuta kikombe kichafu mezani kwako alikuletea sabuni mwenyewe bila kusema neno.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Ofisi yao ilikuwa mfuko wa uwekezaji: ilikusanya fedha za matajiri na kuzitia kwenye kampuni changa, changa kweli, nyingine zikiwa na umri wa wiki chache na meza ya kuazima. Tena si kampuni yoyote. Mfuko ulitafuta waanzilishi wenye wito, yaani watu waliotaka kupata faida na papo hapo watibu, wasomeshe, wasafishe au waokoe kitu. Wenye wito walikuja asubuhi, wakakaa kwenye kiti cha bluu mkabala na Shangazi, wakaeleza ni nani wao aliyekufa.

Tusipambe, ndivyo ilivyokuwa. Kila mwenye wito alikuwa na mtu wake: mama aliyechelewa kufikishwa hospitali, kaka aliyekunywa maji mabaya, rafiki wa utotoni aliyepotelea mtaani. Mwanzoni Shangazi alilia nao. Aliweka boksi la tishu katikati ya meza na mara nyingi yeye ndiye aliyelimaliza. Miaka ikaenda, na siku hizi tishu zilikuwa za wageni. Yeye alitazama midomo ikifunguka na kujifunga kama televisheni iliyozimwa sauti, huku akikumbuka kwamba gesi nyumbani inakaribia kwisha. Hakuwa katili. Alikuwa amekufa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu: mguu ni wako, unauona, unaupiga ngumi, lakini hakuna habari inayorudi.

Mfuko ulikuwa na utaratibu mmoja ambao kila mgeni wa kazi alifundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo. Hakuna kusema hapana. Mwenye mfuko, ambaye walimwita Mzee Safari kwa sababu hakuonekana bila begi la magurudumu, alilieleza jambo hilo kwa vidole viwili juu. "Mtu ukimwambia hapana leo," alisema, "kesho akitajirika atakukumbuka kwa ubaya. Mwambie bado. Bado haina gharama."

Basi wakawa wanasema bado. Kamati ya uwekezaji ikikataa, mwanzilishi anaambiwa, "Bado, lakini tuko pamoja nawe." Katika fani hiyo Shangazi alikuwa bingwa. Bado yake ilitoka laini, yenye joto kiasi, na mtu aliondoka nayo akishukuru hadi kwenye lifti.

*

Asubuhi ya siku ile, jikoni kwake, binti yake wa miaka kumi na sita alikuwa akikunja nguo ya kuogelea na kuitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Unaipeleka wapi?" Shangazi aliuliza. Alikuwa amesimama, anakunywa chai ya haraka.

"Kwa jirani. Yule mdogo wao itamtosha."

"Na wewe utaogelea na nini?"

"Naogelea wapi, mama? Kwenye beseni?"

Hapo Shangazi akakumbuka. Binti alimwomba ajiunge na klabu ya kuogelea. Lini? Zamani kidogo. Aliomba mara ya pili, na ya tatu.

"Mimi sikukukataza. Nilikwambia bado."

"Ndiyo. Sasa hainitoshi." Binti alifunga fundo kwenye mfuko. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo Shangazi aliloliona. Alisema kama mtu anayesoma bei dukani. "Mama, bado yako ni hapana iliyopigwa pasi. Nilishaelewa. Ila mtu mwingine asiyekujua anaweza akasubiri."

Baba yake, aliyekuwa amejificha nyuma ya kikombe, akacheka, akaona uso wa mkewe, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Unacheka nini, baba nanii?"

"Chai imenipalia."

Shangazi alichukua mkoba akaenda kazini. Njiani alijichunguza kama ameumia. Hakuona jeraha.

*

Saa nne Fundi Viti alipiga simu.

Huyu Fundi Viti jina hilo alipewa na akina mama, si na fundi mwenzake. Kwa kusomea alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Alifanya kazi hospitali miaka kadhaa akinyoosha migongo na miguu ya watoto ambao shingo na kiuno haviwashiki, watoto wanaolazwa chali kutwa nzima kwa sababu wakikalishwa wanaporomoka. Akaacha kazi, akapangisha karakana, akaanza kutengeneza viti kwa maboksi na makaratasi yaliyogandamizwa kwa gundi hadi yakawa magumu kama mbao. Kila kiti kilikatwa kwa mtoto mmoja: huku pana, huku pembamba, kabari kati ya magoti, pedi mbili za kushika kichwa. Wazazi walilipa kidogo kila mwezi. Mtoto akikua, kiti kinarudishwa, anakatiwa kingine.

Naye alikuwa na mtu wake. Dada yake wa kumfuata aliishi na kufa juu ya mkeka, akitazama dari. Fundi Viti aliisimulia habari hiyo kwenye kiti cha bluu, kisha mbele ya kamati, kisha mbele ya wageni wa Mzee Safari. Mara ya kwanza aliisema ovyo, kwa haraka, kama anayetupa takataka kabla jirani hajamwona. Shangazi ndiye aliyemnyoosha. "Hapo kwenye mkeka, tulia kidogo," alimwambia. "Vuta pumzi mbili, halafu endelea. Wataguswa." Akafanya hivyo, na kweli waliguswa.

"Dada, habari za kazi!" sauti yake ilikuwa juu.

"Nzuri. Karakana vipi?"

"Imetulia kama maji mtungini. Nimekupigia nikupe habari. Yule mama wa makochi nimemkataa."

"Mama gani?"

"Yule mwenye kiwanda cha makochi, si nilikwambia? Anataka kuichukua karakana nzima, mashine, vijana na pango. Alikuwa ananibana nimjibu, la sivyo atakwenda kutazama karakana nyingine. Jana nimemwambia, mama, samahani sana, mimi nina watu wangu. Fedha zao bado tu, lakini ziko njiani."

Shangazi alisogeza boksi la tishu likae sawa na ukingo wa meza. "Nani amekwambia ziko njiani?"

Fundi Viti akacheka. "Wewe."

"Mimi?"

"Si kila nikikuuliza unaniambia bado? Ungekuwa umekataa ungesema hapana. Mimi nakujua, dada. Wewe si mtu wa kumung'unya maneno."

Alisema na mengine, kuhusu msumeno mpya atakaoununua na kijana atakayemwongeza. Shangazi aliitikia "mm" mahali panapotakiwa. Simu ilipokatika alibaki ameishika.

Kamati ilikwisha kumkataa zamani, kabla hata hajauliza mara ya kwanza. Shangazi alikuwapo. Mzee Safari alifunga kabrasha na kusema, "Tatizo ni moja. Kampuni haikui kwa sababu watoto wanakua." Watu walicheka, na Shangazi naye alicheka, kwa kuwa ulikuwa mzaha mzuri na ulikuwa kweli. Kila mtoto akiongezeka kimo, karakana inaanza upya. Mfuko ulitaka kampuni ya kutengeneza kitu kimoja mara elfu. Huyu alitengeneza vitu elfu, kila kimoja mara moja.

Alingoja ashtuke. Moyo ulipiga kama kawaida. Akampigia Mzee Safari.

"Niko uwanja wa ndege, sema haraka."

Akamweleza.

"Mwambie bado," Mzee Safari alisema.

"Hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa."

"Basi iseme kwa kusikitika."

"Amemkataa mnunuzi kwa sababu yetu."

"Kwa sababu yake. Sisi tulimwahidi nini? Bado maana yake bado. Neno liko wazi."

"Lingekuwa wazi asingekaa mkao wa kula."

Nyuma ya sauti yake kipaza sauti kilikuwa kinaita abiria. "Shangazi, nisikilize. Ukimwambia hapana, umesema wewe. Mfuko haujasema. Kesho kutwa kila tuliyemwambia bado atakuja kuuliza yake ni ya aina gani. Unataka hilo? Kazi hii utaifanyaje?"

"Na mimi si mfuko?"

"Wewe ni Shangazi," alisema, akacheka, akakata.

Alichukua mkoba, akamwambia mpokeaji wageni kwamba anatoka, asimpangie mtu.

"Ukiulizwa unarudi saa ngapi, niseme bado?" mpokeaji wageni alitania.

"Sema sijui."

*

Karakana ilikuwa nyuma ya ghala la matairi, mlango wa bati, sakafu ya saruji. Siku nyingine zote sakafu hiyo ilifunikwa na vipande vya maboksi hadi kwenye vifundo vya miguu. Leo ilikuwa imefagiwa. Vijana wa kazi walisimama kando ya mashine wakiwa na aproni zilizokakamaa kwa gundi, wamenawa nyuso, wamejipanga kama wanaopigwa picha. Shangazi alielewa mara moja. Alikuwa amemtumia Fundi Viti ujumbe wa maneno mawili, "Nakuja leo." Watu hawa walikuwa wakimsubiri mleta fedha.

"Karibu, mama! Karibu sana!"

"Nimekaribia."

Fundi Viti alitoka nyuma na kiti mikononi. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye tabia ya kukutazama mabega badala ya macho. Kiti kilikuwa cha mtu mzima, cha makaratasi kama vile vingine, kimepigwa msasa na kupakwa rangi ya udongo.

"Hiki chako, dada. Tumekikata usiku uliopita, nilikuwa nikuletee ofisini."

"Nani alinipima?"

"Jicho. Kila tukikaa kwenye mikutano nakuona unaegemea kushoto. Kiuno chako cha kulia kinakuuma, hujawahi kusema. Kaa."

Akakaa. Kiti kilimshika mahali ambapo hakuna kiti kilichowahi kumshika, chini kidogo ya mbavu, upande wa kulia, kama kiganja. Mgongo ukanyooka wenyewe. Kwa miaka alikuwa ameketi kwenye ngozi ya bei mbaya na hakujua kwamba anaumia hadi maumivu yalipoacha.

"Mnaona?" Fundi Viti aliwaambia vijana. "Si nilisema?"

"Hapana," Shangazi alisema.

"Hapana nini? Kinakubana?"

"Kiti kizuri. Nazungumzia fedha. Fedha hapana."

Fundi Viti bado alikuwa anatazama bega lake la kulia. "Hapana leo?"

"Hapana, na hazitakuja. Kamati ilikukataa tangu mwanzo. Wakati unaniuliza mara ya kwanza ilikuwa imekwisha kukataa."

Kijana mmoja alizima feni iliyokuwa ikikausha gundi, kana kwamba ndiyo iliyosema.

"Sasa bado zote zile?"

"Zilikuwa hapana. Huwa tunazipiga pasi kwanza."

Kijana wa mwisho akacheka. Ilimtoka tu, wenzake wakamkata jicho, akajishughulisha na kamba ya aproni. Fundi Viti aliketi juu ya rundo la maboksi. Rundo lilibonyea taratibu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ni utaratibu wa ofisi."

"Utaratibu," alirudia, kwa upole, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni. Halafu akauliza, "Na kutulia kwenye mkeka? Ule nao utaratibu?"

"Ule ulikuwa wangu mwenyewe."

"Kwa sababu siku hizi natulia hata nikiwa nyumbani. Juzi mama alitaka tumzungumzie dada, akanianzishia mwenyewe. Nilipofika kwenye mkeka nikavuta pumzi mbili. Mama akaniuliza, mwanangu, unasubiri nini?"

Shangazi alijua kwamba hapa ndipo mtu hulia. Alilijua hilo kama anavyojua njia ya kurudi kazini. Akakaa kwenye kile kiti kilichomshika vizuri, macho makavu, na kitu pekee kilichokuwa kikifanya kazi ndani yake kilikuwa kile kinachomfanya, akiwa jikoni, aangalie kama maziwa yanakaribia kufurika.

"Mpigie mama wa makochi," alisema.

"Nimpigie na uso gani? Jana tu nimemkataa."

"Simu haina uso. Piga. Tena tusikie wote, maana mishahara ni ya wote."

Alipiga. Simu iliita mpaka vijana wakaanza kutazamana. Kisha ikaja sauti nene ya mwanamke, na nyuma yake nyundo.

"Nani?"

"Mimi, mama. Wa viti."

"Yule aliyenikataa jana?"

"Huyo huyo."

"Leo umeamka na akili?"

"Mama, ile karakana nyingine uliyosema utaitazama. Umeshaichukua?"

"Bado."

Kila mtu mle ndani alimgeukia Shangazi. Fundi Viti aliisogeza simu karibu na mdomo. "Bado ya namna gani, mama?"

"We mtoto, kuna bado ngapi? Bado ni bado! Nimekwenda, nimeiona, sijalipa. Unataka au hutaki? Nina mafundi wananisubiri."

"Nataka."

"Masharti ni yale yale. Mashine nachukua. Vijana wako nachukua wote. Wewe utakuwa mkuu wa ukataji, mkono wako nauhitaji. Ila viti vya watoto, hapana."

"Hata Jumamosi, mama? Kona tu, pale karibu na dirisha..."

"Hapana, mwanangu. Nikikupa kona, baada ya muda kona itakuwa nusu ya karakana. Nakujua, na mimi nina wateja. Mwezi huu maliza ulivyoanza, sikukatazi. Mwezi ujao ni makochi."

Fundi Viti alivuta pumzi. Shangazi alizihesabu zile pumzi mbili bila kutaka, lakini safari hii hakukuwa na la kuendelea.

"Ahsante, mama."

"Ya nini?"

"Ya kusema."

"Haya," sauti ilisema, kwa mashaka kidogo, ikakata.

Alirudisha simu mfukoni, akasimama, akatoka nje kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyemfuata. Kijana mmoja akawasha feni tena.

*

Shangazi alikuwa anatafuta mkoba wake aondoke pale mama mmoja alipoingia kwa mlango wa mbele akiwa amembeba mtoto kiunoni. Mtoto alikuwa wa kiume, wa miaka minne hivi, miguu inaning'inia, kichwa kimelala kwenye bega la mama yake kama kitu alichopewa akishike.

"Hodi jamani! Nimechelewa, msinipige."

"Nani atakupiga wewe," alijibu kijana aliyecheka mwanzo. Alionekana kufurahi kupata cha kufanya. Akaleta kiti cha samawati kilichokamilika karibu chote, wakamkalisha mtoto. "Kikipungua hapa tunaongeza, kikizidi tunakata. Mama," alimwambia Shangazi, bila kufikiri, "hebu tushikie miguu, huyu anapenda kujinyoosha."

Shangazi alipiga magoti kwenye saruji akaishika miguu. Kisigino kimoja kilikaa kiganjani mwake. Kilikuwa na joto. Aliliona joto lile kama unavyoona kwamba taa ya barabarani inawaka. Mtoto alijinyoosha mara moja, kwa nguvu ambayo hakuitarajia, kisha akalegea, na pedi mbili zikamshika kichwa. Akabaki ameketi. Akawatazama wote, mmoja mmoja, kwa usawa wa macho yao, kama bosi aliyewaita kikaoni.

"Umeona anavyoringa?" mama yake alisema. "Mwaka jana alikuwa na cha kijani, kimembana hadi mapaja yana alama. Sasa na hiki kikimbana, nirudi lini?"

Alimuuliza Shangazi. Kwa nini asimuulize yeye? Ndiye mkubwa wa umri mle ndani, ndiye mwenye nguo safi, na kile kiti kizuri cha rangi ya udongo nyuma yake kilimfanya aonekane mwenye mali. Vijana wakaanza kusoma sakafu.

Midomo ya Shangazi ilikuwa imekwisha kukutana kutengeneza ile herufi ya kwanza ya bado. Ilikutana yenyewe, kwa mazoea. Akaiachanisha.

"Usirudi," alisema.

"Eh?"

"Mwezi ujao hapa hawatengenezi tena viti vya watoto. Ukirudi utakuta makochi. Nakwambia leo ili usije ukasubiri."

Mama wa mtoto aliwatazama vijana, na kwa jinsi walivyoinama akajua ni kweli. Hakupiga kelele. Alivuta kola ya mtoto ikae sawa. "Sasa atakaa wapi?"

Swali hilo Shangazi alikuwa amelisikia kwa namna nyingi kwenye kiti cha bluu, na kila mara alikuwa na mkia wa kulifunga: tuko pamoja nawe. Sasa hakuwa na mkia. Hakuwa na huruma pia, aliitafuta akaikosa. Alikuwa na kisigino mkononi na uzoefu wa kumvisha mtoto anayekua.

"Nguo zake unanunua saizi gani?" aliuliza.

"Nguo?"

"Unanunua ya kumtosha leo?"

"Nina wazimu? Nanunua kubwa, nakunja."

"Na viatu?"

"Kubwa. Natia kitambaa mbele."

"Basi." Akamgeukia kijana. "Mnaweza kumkatia kikubwa kuliko hiki, halafu mkajaza sponji ndani, mama awe anapunguza mwenyewe huko nyumbani?"

"Hatujawahi," kijana alisema. "Sisi tunakata kiti kimshike mtoto. Ndiyo kazi yenyewe."

"Hamjawahi kwa sababu alikuwa anarudi. Sasa harudi."

Kijana alijikuna shingo. "Labda sponji ya matabaka. Gundi nyepesi. Akikua, mama anabandua moja."

"Kiuno kitawashinda," sauti ilisema.

Fundi Viti alikuwa mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini tayari yalikuwa kwenye mabega ya mtoto. "Kiuno hakikubali kubahatishwa. Ukikiachia nafasi hapa, anaangukia ubavu, na mgongo unapinda. Pembeni sawa, miguu sawa. Kiunoni lazima tuweke kabari ya kusogezwa, kama mkanda wenye matundu." Akaja, akapiga magoti upande wa pili, akatoa shingoni futi ya kupimia, ile laini ya mafundi nguo. "Egemeo la miguu nalo lishuke. Tuna mwezi mzima. Tukiwaita wote wenye viti vyetu..."

"Na tuwaambie?" kijana aliuliza.

"Tuwaambie. Waingie, waambiwe hapana, halafu wapimwe." Alimtazama Shangazi kwa mara ya kwanza machoni. Hakukuwa na shukrani kwenye macho yale, wala chuki, ila uchovu na hesabu. "Wewe dada ndiye utakayewapigia simu. Sauti yako wataiamini."

"Nitawapigia."

"Ofisini kwenu watasemaje?"

"Watasema ni mimi, si mfuko."

Akapima: kiuno hadi goti, goti hadi kisigino. Shangazi aliachia kisigino futi ipite, akakishika tena. Fundi Viti alisoma namba, akairudisha futi mahali palepale.

"Tatizo, hii inanipa leo tu," alisema. "Ya leo ninayo. Kikubwa, sawa, lakini kikubwa cha nani? Nikikosea juu, kinammeza. Nikikosea chini, tumefanya kazi ya bure."

Feni ilizunguka. Mtoto alikuwa anaitazama, na kichwa kilikuwa kimesimama.

"Baba yake mrefu?" Shangazi aliuliza.

Mama wa mtoto akaguna. "Yule? Anainama kuingia kwetu. Na bado hujigonga paji kila siku."

"Na wewe mfupi."

"Mimi mfupi, sikatai."

"Huyu amemfuata nani?"

Wote wakainama kutazama. Shangazi aligeuza kiganja, unyayo ukaonekana wote kwenye mwanga wa mlango, kidole gumba kimetangulia, unyayo mrefu mno kwa umri wake.

"Kata kirefu," alisema.